Sura ya Saba: Sikio Kabla ya Kinywa

Mtu akishapata leseni ya redio ya ridhaa na kuamua kwamba sasa anataka kuongea kupitia setilaiti, swali lake la kwanza huwa la nguvu: nahitaji wati ngapi? Hilo ni swali la kinywa. Linalojenga kituo ni swali la sikio: nitasikia nini, kwa antena ipi, kupitia waya gani? Mwenye kituo kinachosikia vizuri atajibiwa kwa wati tano. Mwenye kituo kiziwi ataita, ataongeza nguvu, ataita tena, atawafunika wenzake, na hatajua kwamba ameshajibiwa mara tatu.

Sura hii inaeleza jinsi setilaiti za wanaredio wa ridhaa zinavyofanya kazi na vifaa vya kuzifikia ukiwa nyumbani, kuanzia antena ya kushika mkononi hadi dishi la juu ya paa. Kila kifaa tutakipima kwa kigezo hicho kimoja: kinaongeza nini kwenye sikio.

Kinywa kimoja, masikio 570

Wasovieti walipoirusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, redio yake ilitangaza katika megahezi 20.005 na 40.002, masafa ambayo wanaredio wengi walikuwa na vipokezi vya kuyasikia. Walikaa mezani kwao, wakazungusha vifundo, wakaisikia ikipita. Miaka minne baadaye kikundi cha wanaredio wa California kilikuwa kimeunda setilaiti yake chenyewe. OSCAR 1 ilipaa kutoka Vandenberg tarehe 12 Desemba 1961, ikiwa imepewa lifti na roketi ya kijeshi, mahali palipopangiwa kipande cha chuma cha kusawazisha uzito.

Ilikuwa na uzito wa kilo 4.5 hivi na redio ya miliwati 140, yaani sehemu ya saba ya wati moja. Haikuwa na kipokezi. Kazi yake yote ilikuwa kurudia herufi mbili za Morse, H na I: nukta nne, kisha nukta mbili. Kasi ya nukta hizo ilibadilika kadiri joto la ndani ya kisanduku lilivyobadilika, kwa hiyo aliyekuwa na kipokezi, saa na subira aliweza kukadiria joto la setilaiti bila kutoka nyumbani kwake. Ilidumu hewani siku 22, na katika siku hizo wanaredio zaidi ya 570 kutoka nchi 28 walituma taarifa za walichokisikia. Kazi ya setilaiti katika redio ya ridhaa ilianza hivyo, bila mtu hata mmoja kusema neno.

Kusema kulikuja Machi 1965 na OSCAR 3, ambayo ilibeba transponda: chombo kinachopokea mawimbi kutoka ardhini, kuyahamishia masafa mengine na kuyarusha chini papo hapo. Mwaka 1969 ikaundwa AMSAT mjini Washington kuziratibu kazi hizi, na tarehe 15 Novemba 1974 ikarushwa setilaiti ambayo kisa chake kila mwanaredio anapaswa kukijua, AO-7.

AO-7 ilifanya kazi hadi katikati ya mwaka 1981. Betri zake zikapiga shoti, na shoti hiyo ikawa inameza umeme wote uliotoka kwenye paneli za jua. Ikahesabiwa imekufa. Juni 2002, baada ya miaka 21 ya ukimya, mwanaredio mmoja wa Uingereza alisikia Morse ambayo hakuitegemea, akaifuatilia, akakuta ni AO-7. Ile betri yenye shoti ilikuwa imekatika kabisa ndani, mkondo haukuwa tena na pa kupotelea, na umeme wa paneli ukafika tena kwenye redio. Tangu hapo huwaka kila inapotoka kwenye kivuli cha dunia na huzimika inapoingia kivulini. Hakuna taasisi iliyoifufua. Ilijifufua yenyewe, na ikajulikana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa akisikiliza mahali ambapo wengine walishaacha.

Sinia moja

Transponda ziko za aina mbili kubwa, na tofauti yake inaamua vifaa utakavyonunua.

Ya kwanza ni ripita ya FM. Inapokea masafa mamoja na kurusha masafa mengine mamoja, kwa hiyo mtu mmoja tu anaweza kuongea kwa wakati. Wawili wakiongea pamoja, mwenye wimbi kubwa ndiye anayesikika, na mwingine humezwa. Inahitaji redio ndogo tu, ile ya mkononi yenye bendi mbili za megahezi 145 na 435, na ndiyo maana wanaoanza wengi huingilia mlango huu.

Ya pili hubeba kipande kizima cha masafa. AO-7 katika mojawapo ya hali zake hupokea kati ya megahezi 432.125 na 432.175 na kurusha kati ya 145.925 na 145.975. Ndani ya kilohezi 50 hizo watu kadhaa wanaweza kuongea kwa wakati mmoja, kila mmoja mahali pake, kwa sauti ya SSB au kwa Morse. Setilaiti hiyo pia hupindua masafa: ukipanda juu kwenye masafa ya kutuma, sauti yako hushuka chini kwenye masafa ya kupokea. Faida yake ni kwamba sehemu ya mabadiliko ya masafa yanayoletwa na mwendo wa setilaiti hujifuta yenyewe.

Nguvu ya transponda ya aina hii ni sinia moja la pilau. Wati chache za setilaiti hugawanywa kwa wote walio hewani, kila mmoja kwa ukubwa wa wimbi alilolifikisha huko juu. Anayekuja na mkono mkubwa hajishibishi kuliko wengine tu, huwaondolea wenzake. Kwa AO-7 ubaya huzidi, kwa sababu haina betri ya kuegemea: wimbi kubwa mno huishushia umeme, na sauti za wote hutikisika. Anayefanya hivyo aghalabu si mchoyo. Hasikii. Kwa kuwa sauti yake hairudi masikioni mwake, anadhani haijafika, naye anaongeza wati.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Unavaa visikizi, unaongea, na unasikia sauti yako ikishuka kutoka angani. Unapunguza nguvu mpaka inakaribia kupotea, kisha unaipandisha kidogo.

Zinazopita

Setilaiti nyingi za ridhaa huzunguka karibu na dunia na kupita juu yako kwa dakika chache. SO-50 ya Saudi Arabia, iliyorushwa kutoka Baikonur Desemba 2002, ni ripita ya FM yenye robo wati. Unatuma kwa megahezi 145.850 pamoja na toni ya hezi 67.0, na unapokea kwenye 436.795. Ikikaa kimya, toni ya hezi 74.4 huiamsha kwa dakika kumi. Kituo cha Kimataifa cha Anga nacho kimebeba ripita: kutuma 145.990 kwa toni ya 67, kupokea 437.800. Kikipita juu ya Dar es Salaam, eneo linalokiona lina nusu kipenyo cha zaidi ya kilomita 2,000, kwa hiyo mtu wa Kigali na mtu wa Antananarivo wote wamo ndani.

Sisi wa karibu na ikweta tuna upungufu mmoja. Setilaiti zinazopita karibu na ncha za dunia huonekana mara nyingi kwa watu wa kaskazini, kwa sababu njia zake hukusanyika huko. Huku kwetu njia hizo zimeachana, na setilaiti moja ya mzingo wa chini hupita mara nne hadi sita tu kwa siku, nazo hujikusanya katika vipindi viwili vilivyotenganishwa na saa kama kumi na mbili. Ratiba hutolewa na programu kama Gpredict, ambayo husoma namba za mzingo zilizo mpya na kuchora njia kwenye ramani. Namba za wiki kadhaa nyuma zitakuelekeza mahali ambapo setilaiti haipo tena.

Mwendo wa setilaiti hizi ni kilomita saba na nusu hivi kwa sekunde, na mwendo huo huyavuta masafa. SO-50 ikichomoza, sauti yake utaikuta kilohezi kama kumi juu ya masafa yaliyoandikwa. Ikiwa juu yako itakuwa mahali pake. Ikizama itakuwa imeshuka kilohezi kumi chini. Hiyo ndiyo athari ya Doppler. Kwenye redio ya mkononi dawa yake ni kuhifadhi njia tano za kupokea: 436.805, 436.800, 436.795, 436.790 na 436.785, kisha kuzishuka moja moja setilaiti inavyopita. Masafa ya kutuma kwenye bendi ya 145 huvutika kwa theluthi tu ya hapo, na kwa FM unaweza kuyaacha yalivyo.

Ile antena fupi ya mpira iliyokuja na redio itupie kabatini. Unachohitaji ni Yagi ya mkononi: fimbo tatu kwa bendi ya 145 na tano au saba kwa bendi ya 435, zimepishana kwenye boriti moja nyepesi. Fimbo za 145 zina urefu wa karibu mita moja, za 435 karibu sentimita 34. Boriti inaweza kuwa mbao au bomba la plastiki. Fimbo zinaweza kuwa alumini au hata futi ya chuma ya fundi iliyokatwa. Kazi hiyo ni ya alasiri moja kwa mwenye msumeno na kifaa cha kupimia antena. Unaielekeza setilaiti kwa mkono, na kwa kuwa setilaiti hujigeuza huko juu, unakizungusha pia kiganja chako mpaka sauti inapokuwa na nguvu zaidi. Watu wengi hukosea hapa: huielekeza antena vizuri, wakasahau kuizungusha.

Kuna adui mmoja ambaye hukaa ndani ya redio yako mwenyewe. Zidisha 145.850 kwa tatu, utapata 437.55. Kila kitumaji huvuja kidogo katika zidisho la tatu la masafa yake, na hapo ni jirani mno na unapotaka kupokea. Matokeo ni kwamba kila ukibonyeza kitufe cha kuongea, setilaiti inatoweka masikioni. Wanaoanza hudhani setilaiti imezama. Tiba ni kichujio kati ya kitumaji na antena, au redio mbili tofauti zilizotenganishwa kwa antena na vichujio.

Anayetaka kituo cha kudumu juu ya paa ataambiwa anunue mota mbili, moja ya kuzungusha antena kulia na kushoto, ya pili ya kuinua na kushusha, pamoja na Yagi ndefu zilizopishana. Ni mfumo mzuri, na ni ghali. Lakini sehemu kubwa ya muda wa pito la setilaiti hupita ikiwa chini angani, si utosini. Yagi fupi iliyoinuliwa nyuzi 20 hivi na kufungwa hapo, ikazungushwa kwa mota moja tu, itakupa karibu kila pito. Fedha iliyobaki ipeleke kwenye kikuza mawimbi cha kufunga juu, kwenye mlingoti, karibu kabisa na antena.

Nasisitiza juu, kwa sababu hapo ndipo sikio linapotengenezwa au kuharibiwa. Waya hupunguza wimbi na kelele ya waya huongezeka. Ukikuza kabla ya waya, wimbi linaingia safarini likiwa na nguvu, na hasara ya njiani haina uzito. Ukikuza baada ya waya, unakuza wimbi lililochoka pamoja na kelele yake. Hakuna redio ya bei yoyote itakayorudisha kilichopotea hapo.

Kati ya Azam na DStv

Tarehe 15 Novemba 2018, miaka 44 kamili tangu AO-7, roketi ya Falcon 9 iliinua kutoka Florida setilaiti ya Qatar, Es'hail-2. Ni setilaiti ya televisheni ya kibiashara, lakini imebeba pia transponda mbili za wanaredio wa ridhaa, matunda ya ushirikiano wa chama cha wanaredio wa Qatar, kampuni ya Es'hailSat na AMSAT ya Ujerumani. Zilifunguliwa rasmi Februari 2019 na kuitwa QO-100. Hizo ndizo transponda za kwanza za ridhaa kwenye setilaiti inayokaa mahali pamoja juu ya ikweta: haichomozi, haizami, haivuti masafa. Iko hapo saa zote, na eneo lake linaanzia mashariki ya Brazil, linafunika Afrika yote, Ulaya na Ghuba, hadi Thailand.

Imekaa nyuzi 26 mashariki, na hii ni habari njema kwetu. Azam TV hupokelewa kutoka nyuzi 7 mashariki na DStv kutoka nyuzi 36. QO-100 iko katikati yao. Kwa aliyeko Dar es Salaam, dishi la Azam limeinuliwa nyuzi 52 hivi kutoka upeo wa macho, la DStv nyuzi 81, na la QO-100 ni nyuzi 72, likitazama kati ya magharibi na kaskazini-magharibi. Nairobi huinuka zaidi, nyuzi 77. Wenzetu wa Oman na Ghuba wana urahisi zaidi, kwa sababu madishi mengi ya nyumbani huko yameshaelekezwa nyuzi 26 kwa ajili ya setilaiti za televisheni za Badr. Wao wanahitaji kuongeza waya tu.

Dishi la sentimita 80 au 90 lililoachwa na king'amuzi kisicholipiwa tena linatosha kabisa. Likiwa limeinuka kiasi hiki maji ya mvua hukaa ndani yake, basi toboa tundu dogo sehemu ya chini. Kisha iangalie LNB, kile kipokezi kidogo kilicho mbele ya dishi, kwa maana karibu na ikweta kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia juujuu. Sehemu ya sauti ya QO-100 hurushwa ikiwa imesimama wima, lakini wima hiyo ni ya setilaiti. Kadiri ulivyo karibu na ikweta, ndivyo inavyoonekana imelala. Dar es Salaam LNB lazima izungushwe kwa nyuzi 60 hivi, Nairobi kwa zaidi ya 80. Usitegemee hesabu peke yake: lipate wimbi kwanza, halafu izungushe LNB taratibu mpaka lifike kileleni.

Kituo cha kusikiliza kinakamilika kwa vitu vitatu: LNB ya aina ya PLL, umeme wa volti 12 unaopanda kwa waya uleule, na kipokezi kidogo cha SDR cha kuchomeka kwenye kompyuta. Setilaiti hurusha sauti kati ya megahezi 10489.500 na 10490.000. LNB hutoa humo 9750, kwa hiyo kwenye kompyuta utazikuta kati ya 739.5 na 740.0. Fungua programu, na kilohezi 500 zote zitaonekana kwenye kioo kwa mara moja, kila mazungumzo mstari wake, na bikoni tatu, yaani mawimbi ya alama yasiyohama, zimesimama: moja mwanzoni, moja katikati, moja mwishoni.

Tatizo utakaloliona siku ya kwanza ni kwamba kila kitu kinatembea. Jua likilipasha paa, fuwele inayotawala masafa ndani ya LNB hubadilika kidogo. Kosa la sehemu moja tu katika milioni, kwa megahezi 9750, ni hezi 9,750, nayo sauti ya mtu kwa SSB haifiki hata hezi 3,000 kwa upana. Aliyekuwa kwenye meza yako saa tatu asubuhi atakuwa amehama mara tatu ya upana wake kufikia adhuhuri. Dawa ya bure ni programu inayoishika bikoni ya katikati na kusahihisha kila kitu kwa kuifuata. Dawa ya kudumu ni kuilisha LNB masafa yanayolindwa na GPS.

Mpaka hapa hujatuma hata wimbi moja, na katika nchi nyingi kusikiliza hakuhitaji leseni. Kaa hapo kwa muda. Sikiliza watu wanavyoitana, wanavyopeana nafasi, wanavyoaga. Wimbi unalolisikia limesafiri kilomita 36,000 na kupungua kwa desibeli 204, yaani limegawanywa kwa namba yenye sifuri 20, na bado unajua kama msemaji ana mafua. Hiyo ni kazi ya dishi, LNB iliyozungushwa sawasawa, na waya mzima.

Kupanda

Kutuma kwenda QO-100 ni kati ya megahezi 2400.000 na 2400.500. Ongeza 8089.5 kwenye masafa yako ya kutuma, utapata unapotakiwa kusikika. Kwa kawaida redio ya 144 au 432 huunganishwa na kisanduku cha kuhamisha masafa kwenda 2400, kisha kikuza nguvu cha wati kama tano, kisha antena ndogo iliyokaa mbele ya dishi. Mawimbi yanayopanda yanapaswa kuzunguka kulia. Dishi huyageuza yanapogonga, kwa hiyo antena ndogo iliyo mbele yake huundwa izungushe kushoto. Wanaredio wa Uingereza walibuni antena ya bati mbili za shaba yenye bomba katikati, ambayo hutuma kwa 2400 huku mawimbi ya gigahezi 10 yakipita ndani ya bomba kwenda LNB. Dishi moja hivyo hufanya kazi zote mbili.

Hapa waya ni mkali zaidi kuliko mahali pengine popote. Waya mwembamba wa RG-58, unaouzwa kila duka la vifaa, hupoteza karibu desibeli moja kwa kila mita katika masafa haya. Mita tatu, nusu ya nguvu imekwenda. Mita kumi, imebaki sehemu ya kumi. Wati 20 zinazoanzia mezani zitafika darini kama wati mbili, na wati 18 zimeupasha joto waya. Kwa hiyo kikuza nguvu hufungwa nyuma ya dishi, ndani ya boksi lisilopitisha maji, na kutoka chumbani hupanda masafa ya chini tu pamoja na umeme.

Wati tano na dishi la sentimita 80 hutoa SSB nzuri. Sheria ya transponda ni kwamba wimbi lako lisizidi bikoni, na FM hairuhusiwi kwenye sehemu ya sauti. Anayezidi hukutana na LEILA, mfumo wa ardhini unaomtambua na kupiga king'ora juu ya masafa yake, wote wakisikia. Hapo pia tunarudi kwenye sikio, kwa sababu anayeiangalia bikoni na kujiangalia yeye mwenyewe kwenye kioo hawezi kufika huko.

Jambo moja linahitaji mazoezi. Wimbi huchukua karibu robo sekunde kupanda na kushuka, na sauti yako mwenyewe ikirudi imechelewa hivyo, ulimi hujikwaa. Wapo wanaoshindwa kumaliza sentensi. Punguza sauti ya visikizi unapoongea, acha macho yaangalie wimbi lako kwenye kioo, na ulimi utazoea.

Kelele ya nyumbani

Kipokezi kinachosikia vizuri husikia pia uchafu. Mjini adui wa bendi ya 145 ni chaja za bei rahisi, balbu za LED, inveta za sola na kamera za ulinzi. Njia ya kuwapata ni moja: endesha kipokezi kwa betri, zima swichi kuu ya nyumba, sikiliza. Kelele ikishuka, adui yuko kwako; washa chumba kimoja kimoja mpaka umjue. Isiposhuka, ni ya jirani, na hiyo ni kazi ya diplomasia na sahani ya matunda. Gigahezi 10 huathirika kidogo na uchafu huu, lakini bendi ya 2400 ni nyumba ya Wi-Fi, na kikuza nguvu chako kinaweza kuizima intaneti ya sebuleni usipokuwa mwangalifu.

Betri ina faida ya pili. Kituo chote cha QO-100 chenye wati tano kinaendeshwa vizuri na betri moja ya volti 12 inayochajiwa na paneli, na umeme wa gridi ukikatika unaendelea kuongea. Mvua kubwa itashusha kidogo sauti inayoshuka. Na kwa siku chache karibu na Machi na Septemba, jua hupita moja kwa moja nyuma ya setilaiti, na kwa dakika kadhaa kelele yake hufunika kila kitu. Hapo huna la kurekebisha, subiri lipite.

Wanapokuita wote

Leseni hutolewa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako: TCRA kwa Tanzania, Communications Authority kwa Kenya, UCC kwa Uganda. Leseni hiyo hukupa alama ya wito, na herufi zake za mwanzo hutangaza ulipo: 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo, A4 Oman. Mazungumzo ya kawaida ni mafupi: alama ya wito, kipimo cha usikivu, na herufi za mraba wako kwenye ramani ya dunia. Dar es Salaam na mji wa Zanzibar wako KI93, Mombasa KI95, Nairobi KI88.

Jiandae kwa kitakachofuata, kwa maana alama zetu ni adimu. Chini ya setilaiti inayoonekana na Ulaya nzima, sauti ya 5H au 9U ikiita mara moja, watajibu watu wengi kwa pamoja, wamepandana juu ya masafa mamoja, kila mmoja akitaja alama yake. Kinywa hakitakusaidia hapo. Ukipandisha nguvu, utaongeza msongamano. Kinachotakiwa ni kushika herufi mbili kutoka kwenye vurugu hiyo, kuzirudia, kumwita mwenye nazo peke yake, kupeana ripoti, kumuaga, na kurudi kuchukua wengine wawili. Wenzako watanyamaza na kupanga foleni wenyewe wakiona kwamba unachagua kwa utaratibu. Kituo ulichojenga kwa kuanzia LNB, waya na kikuza cha juu ya mlingoti kitakupa herufi hizo mbili. Kilichoanza na wati kitakupa kelele.